Mvua Ndani ya Kompyuta

Nyumbani kwa kina Nabangala, mashine ya kusaga mahindi ilipozimwa jioni, kelele haikukoma. Ilihama tu. Ilitoka kwenye mashine ikaingia vichwani mwa watu, ikaendelea kuvuma humo mpaka chakula kikaiva. Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo walivyoishi tangu walipotoka Bungoma wakaja Kansanga, jijini Kampala, wakapanga vyumba viwili nyuma ya kinu alichokiendesha baba yake, Wangila.

Kila siku baada ya shule Nabangala alivua sare, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kushika midomo ya magunia chini ya bomba la unga. Kazi hiyo haikuwa na maongezi. Mteja alisugua ncha za vidole kuonyesha anataka unga laini, au akakunja ngumi kuonyesha anataka wenye chenga. Baba alijibu kwa kutikisa kichwa. Hata walipoketi kula, Baba alisema "nipe chumvi" kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya barabara. Majirani walikuwa na utani wao: "Wangila akinong'ona, Kabalagala, mtaa wa pili, wanaitika."

Sauti ya Mama ilikuwa ya namna nyingine. Aliitwa Moreen, alikuwa na stashahada ya ualimu, na Kiswahili chake kilinyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Lakini tangu wahamie Kampala hakuwa amepata darasa la kufundisha. Alikuwa akipepeta mahindi ya wateja na kufagia vumbi la unga. Ndiyo maana siku Mwalimu Victoire alipopiga simu, Mama alikaa chini sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

Mwalimu Victoire alikuwa Mkongo aliyeandaa masomo ya Kiswahili ya kusikiliza kwa ajili ya shule za msingi. Alihitaji mtu wa kusoma hadithi kwa sauti. "Ninasikia wewe una Kiswahili kizuri, mama," alisema. "Unitumie hadithi chache za kuonja, mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Zikitoka safi, kazi ni yako. Zisipotoka safi nitachukua msomaji mwingine, na usinichukie."

Baba hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikwenda Wandegeya, kwenye duka la kompyuta la Ocira, akarudi na katoni kubwa kifuani.

"Aliniuliza ni ya kazi gani," Baba alieleza kwa fahari huku akikata utepe. "Nikamwambia, kazi nzito! Akanipa hii. Mpya kabisa. Angalieni uzito wake!"

Ilikuwa nyeusi, nene, na taa nyekundu zilimulika chini ya herufi. Baba aliipapasa kama anavyopapasa injini ya kinu. "Hii ukiifungia mkanda, itasaga mahindi," akasema.

Jioni hiyo kinu kilipozimwa, Mama alifunga dirisha, akaketi mbele ya kompyuta, akaanza kusoma hadithi ya sungura aliyekataa kuchimba kisima. Nabangala na Baba walikaa kitandani bila kujikuna. Lo, Mama alisoma! Sungura alipopiga chafya, Nabangala alitaka kumwambia "pole". Vichwani mwao kelele ya kinu iliendelea kuvuma kama kawaida, na kila mmoja akaiacha ivume.

Asubuhi Mwalimu Victoire alituma ujumbe wa sauti. "Mama Moreen, sauti yako ni tamu sana. Lakini juu ya nini ulisoma mvua ikinyesha? Ile mvua inafunika maneno. Rudia, tafadhali."

Mama aliusikiliza ujumbe ule mara ya pili. Akatoka nje. Vumbi la Kansanga lilikuwa jekundu na kavu, na mbwa wa jirani alikuwa amelala katikati ya njia akihema kwa joto.

"Mvua?" akauliza. "Mvua gani?"

"Labda ilinyesha kwao," Nabangala alisema.

"Ikinyesha kwao itaingiaje kwenye sauti yangu?"

Baba alipanda juu akakagua mabati. Akashuka, akakagua mfereji wa maji wa jirani. Mama alijaribu kuisikiliza sauti yake mwenyewe kwenye simu, lakini kinu kilikuwa kimeshawashwa, na kando ya kinu kila sauti ilikuwa na mvua.

Wakangoja Jumapili, siku ambayo kinu hupumzika. Baada ya ibada Mama alijifunika blanketi yeye na kompyuta, akasoma huku jasho likimtiririka. Baba alizima redio, akamfukuza kuku wa jirani, akasimama mlangoni kuwazuia watu kwa mkono. Walipomaliza, Mama alitoka chini ya blanketi kama mtu aliyetolewa mtoni.

Jibu lilikuja kabla giza halijaingia. "Mama, mvua bado. Na sasa imezidi. Leo hata hapa kwetu kuna jua. Uniambie ukweli, unasomea wapi?"

Mama aliweka simu chini polepole. Nabangala hakupenda jinsi alivyoiweka.

Kilichomchanganya Nabangala zaidi alikuwa hajamwambia mtu. Jumapili ile kinu hakikuwashwa hata kidogo, na bado alisikia uvumi. Ulianza Mama alipofungua kompyuta, ukaongezeka kadiri alivyosoma. Nabangala aliujua uvumi ule. Ulikuwa uvumi wa kinu, ule unaobaki masikioni. Lakini kinu kilikuwa kimelala! Basi umetoka wapi?

Alimkumbuka mzee Oloo, aliyekuwa akisaga kabla ya Baba. Mzee Oloo alirudi kwao hasikii hata akiitwa kwa jina. Watu walisema kelele ilihamia kwake moja kwa moja ikakataa kutoka. Nabangala alijishika masikio. Je, na yeye? Kesho yake shuleni alikaa darasani akisikiliza ndani ya kichwa chake badala ya kumsikiliza mwalimu. Hakusikia kitu. Uvumi haukuwepo. Jioni alirudi nyumbani, Mama akafungua kompyuta ili arudie tena, na uvumi ukarudi.

Masikio gani haya yanayougua nyumbani na kupona shuleni? Hakujua ashike lipi. Alitaka kumwambia Mama, lakini Mama alikuwa na mashaka yake ya kutosha. Akanyamaza.

Siku iliyofuata Mama alimtuma Nabangala kwa kina Annick, rafiki yake Mkongo wa shuleni. Kina Annick waliishi juu kilimani, mbali na barabara, katika nyumba yenye intaneti nzuri, na Mama alitaka hadithi mpya zitumwe kutoka huko. Nabangala alipanda na kompyuta mgongoni, uzito wake ukimkata mabega.

Nyumbani kwa kina Annick palikuwa kimya kiasi kwamba saa ya ukutani ilisikika. Nabangala alifungua kompyuta mezani, akabonyeza hiki na kile. Punde uvumi ukaanza. Umenifuata mpaka huku, akawaza. Akaziba masikio kwa viganja, kwa nguvu.

Uvumi ukapungua.

Akaachia. Ukarudi. Akaziba tena. Ukapungua tena. Akabaki ameduwaa, viganja hewani, kwa sababu uvumi wa kinu hauko hivyo. Ule wa kinu ukiziba masikio ndiyo unazidi, kwani umeufungia ndani.

"Weye, unafanya nini?" Annick aliuliza akitoka jikoni na sahani ya mihogo. "Unacheza kukimbia nyuki?" Kisha akainamisha kichwa. "Na juu ya nini mashine yako inalia hivi? Iko kama inataka kuruka."

Nabangala alimtazama kama aliyemwagiwa maji. "Wewe pia unasikia?"

"Si ninayo masikio?"

"Unasikia uvumi? Huu huu? Vvvvv?"

"Mimi ninasikia, mama anasikia, hata paka amekimbia," Annick alisema. "Wewe mwenyewe tu ndiye hausikii?"

Nabangala alisogeza sikio kwenye ubavu wa kompyuta. Hewa moto ilimpuliza shavuni. Ndani humo feni zilikuwa zikizunguka kwa kasi, na kati ya kompyuta na masikio yake hakukuwa na kinu wala kitu kingine chochote. Alicheka mpaka Annick akamuuliza kama ana homa.

Alishuka kilima mbio. Kinu kilikuwa kimezimwa, na Mama alikuwa akimenya viazi.

"Mama, mvua imo humu ndani!" alisema akiitua na kuiwasha kompyuta. "Nimekuwa nikiisikia siku zote. Nilidhani ni masikio yangu yameharibika, kama ya mzee Oloo. Niliogopa kusema."

Kisu cha Mama kilisimama. "Wewe pia?" akasema. "Mimi nilidhani ni yangu. Nikasema, nikimwambia baba yako atanikataza kukaa kinuni, na nani atamsaidia?"

Wote wawili wakamgeukia Baba. Baba alikohoa.

"Mimi kwani ninaweza kujua?" alisema kwa sauti yake ya ng'ambo ya barabara. "Yangu yanavuma tangu mwaka juzi!"

Wakacheka wote watatu, hivi kwamba jirani aligonga ukuta. Halafu Mama akazima kompyuta, chumba kikawa kimya, akauliza, "Na sasa, Baba Nabangala? Bado yanavuma?" Baba alisikiliza. Kicheko kilimwisha usoni. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi kesho ni zahanati kwanza," Mama alisema, "na kuanzia leo hakuna anayekanyaga kinuni bila viziba masikio. Watu watatu chumba kimoja, kitu kimoja kinanguruma mbele yetu, na kila mmoja amejifungia nacho kama siri. Aibu gani hii!"

Zahanati walimsafisha Baba masikio, wakampa dawa, na wakamwambia wazi kwamba asipoyakinga hayatarudi yalivyokuwa. Kutoka hapo wakaenda moja kwa moja Wandegeya. Ilikuwa imebaki siku moja tu kabla ya Ijumaa.

Duka la Ocira lilibanwa kati ya wachapishaji wa karatasi za wanafunzi na mama mmoja aliyekaanga chapati za mayai. Ocira aliisikiliza kompyuta, akasikiliza maelezo, akapaka mkono kichwani.

"Mzee, hii haina ugonjwa. Hii ni ya michezo na michoro mikubwa. Inafanya kazi nyingi, inapata joto, feni zinakimbia. Mimi nilikuuliza ya kazi gani, wewe ukasema nzito."

"Kusoma hadithi vizuri ni kazi nzito," Mama alisema.

"Mama, hiyo sikujua." Ocira aliguna. "Sawa. Naweza kuwabadilishia, mchukue ya bei ya chini. Lakini pesa yangu iko ndani ya hii. Nikipata mtu wa kuinunua, leo leo mnaondoka na nyingine. Nisipompata, mtangoja. Anzeni kuchagua."

Rafu ya bei ya chini ilikuwa na kompyuta zilizotumika. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye iliyo nene kuliko zote.

"Hapana, Baba," Nabangala alisema. "Tusipime kwa uzito."

"Tupime kwa nini basi?"

Nabangala alifikiri. "Kwa ukimya."

Alimwomba Ocira chumba cha nyuma cha kuwekea maboksi, wakafunga mlango. Kila kompyuta waliyoipeleka huko waliiwasha, wakaichezesha video ndefu mpaka ikapata joto, kwa kuwa ile nyeusi nayo ilikuwa mpole ilipokuwa baridi. Kisha Nabangala alibonyeza kinasa sauti na wote wakanyamaza, wakanasa ukimya, wakaurudia kuusikiliza kwa hedifoni. Ya kwanza ilikuwa na mvua. Ya pili ilikuwa na manyunyu. Ya tatu ilikuwa kimya lakini ilizimika chaja ilipochomolewa, maana betri ilikuwa imekufa. Baba alianza kuchanganyikiwa. "Hii ilikuwa ya manyunyu au ya betri?" aliuliza, akaambiwa shh na watu wawili.

Ya mwisho ilikuwa ndogo kama sinia la chai, ina mkwaruzo mfunikoni, na herufi zake nyingine zimefutika kwa vidole vya mwenyewe wa zamani. Haikuwa na feni ndani. Nabangala aliurudia ukimya wake mara mbili. Alichosikia ni Baba akimeza mate.

"Hii," alisema.

"Haina nguvu," Baba alinong'ona, kwa namna yake ya kunong'ona. "Itafungua nini hii?"

"Itafungua mdomo wa Mama," Nabangala alijibu.

Walipotoka chumba cha nyuma, kijana mmoja alikuwa amesimama kwenye kaunta, begi la chuo mgongoni. Aliitwa Byron, na mbele yake Ocira alikuwa ameweka ile nyeusi yenye taa nyekundu, imepanguswa na kurudishwa kwenye katoni yake. Mama alimshika Nabangala mkono, akaubana. Mnunuzi! Amekuja siku hiyo hiyo!

"Ni mpya kweli, bosi?" Byron aliuliza.

"Mpya. Angalia, hata nailoni iko."

"Haina kelele? Maana hostelini tunalala wawili chumba kimoja, na mwenzangu ni mtu wa kulalamika. Ukitafuna karanga tu anageuka."

"Kelele ya nini, kijana?" Ocira alisema. "Kompyuta mpya ipige kelele, kwani imeibiwa?"

Byron akacheka, mkono ukaingia mfukoni.

Nabangala alimwangalia Baba. Baba alikuwa akitazama chapati za mayai nje. Alimwangalia Mama. Mama alikuwa amefumba midomo. Kompyuta ndogo ilikuwa kwapani mwa Nabangala. Akisema, kijana ataondoka, na kompyuta ndogo itarudi rafuni, na Ijumaa itafika na Mwalimu Victoire atamchukua msomaji mwingine. Asiposema, huyu kijana usiku atakaa chumbani kwake ajiulize mvua inanyesha wapi.

"Inanguruma," alisema.

Duka zima likamgeukia.

"Ilikuwa yetu," aliendelea. "Ukiwasha ikapata joto, inanguruma. Kama mvua juu ya mabati."

"Wewe mtoto!" Ocira alipiga kaunta kwa kiganja. "Nani amekuuliza? Mama, mwambie huyu mtoto wako anyamaze!"

Byron aliutoa mkono mfukoni, na ulikuwa mtupu. "Iwashe, bosi," alisema.

Ocira aliiwasha kwa hasira. Byron alichomeka flashi yake, akafungua mchoro wa jengo lenye ghorofa nyingi. Akauzungusha huku na huku. Ngurumo ikaanza, ikapanda, mpaka mama wa chapati akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna jenereta. Lakini Byron hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akitazama jengo lake.

"Ile yangu ya zamani ilichukua muda wa kunywa chai kuufungua huu," alisema taratibu. "Hii imeufungua papo hapo." Alikuna kidevu. "Kelele hii, kweli ni mbaya. Nitachorea kwenye ukumbi wa chuo, chumbani nitaizima. Nitaichukua, bosi, lakini si kwa bei ile. Ungeniambia mwenyewe, ningelipa ile ya kwanza. Sasa sijui ni nini kingine hujaniambia."

Walivutana kidogo, kisha Ocira akapunguza. Byron alilipa, akamwambia Nabangala, "Asante, dada mdogo," akaondoka na katoni yake.

Ocira aliandika risiti ya kompyuta ndogo bila kuinua uso. Aliwarudishia chenji yao sawasawa, akawapa na chaja. Lakini alipomaliza, alimnyooshea Nabangala kidole.

"Mzee, biashara nimefanya na wewe vizuri. Lakini huyu msichana amenivunjia heshima mbele ya mteja, na faida yangu imepungua. Hapa Kampala mtoto mwenye adabu anapiga magoti. Apige magoti aniombe msamaha, tuachane kwa amani."

Baba alijikuna shingo. Hakupenda kugombana na watu. "Nabangala," alianza, "mwambie anko pole, twende. Ni neno moja tu."

Nabangala alianza kukunja magoti. Mkono wa Mama ukamshika kwapani, ukamsimamisha.

"Bwana Ocira," Mama alisema, na Kiswahili chake kilitoka kimoja kimoja, kila neno limesimama wima. "Umetubadilishia mashine, nakushukuru. Heshima yako sijaigusa. Lakini nikueleze jambo, na mwanangu alisikie vilevile. Nyumbani kwetu tulikaa siku nyingi tukisikia kitu kibaya, na kila mtu akanyamaza. Mimi nilinyamaza, baba yake akanyamaza, na yeye akanyamaza. Kazi yangu ilitaka kupotea, na masikio ya mume wangu yameharibika, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema, 'Nasikia kelele.' Hata sasa hivi, hapa dukani kwako, nilinyamaza tena. Niliogopa. Mtoto huyu peke yake ndiye aliyesema. Ukijua kasoro, iseme, hata kama itakugharimu. Aliyeficha hapa ni wewe, na mimi pamoja na wewe. Yeye hakuficha."

"Mama, mimi nataka pole tu," Ocira alisema.

"Najua unachotaka. Hataomba msamaha. Wala mimi siombi kwa niaba yake." Wakatoka na kompyuta ndogo, na kabla ya Ijumaa kwisha Mwalimu Victoire alijibu: "Mama Moreen, mvua imekwisha, kazi ni yako."